Waulizeni Wazee Wanavyolala

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani. Tarehe 10 mwezi huohuo ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Siku tisa tu zinazitenganisha, lakini huku kwetu sijawahi kusikia hotuba inayoziunganisha. Katika siku ya kwanza tunawapongeza wazee kwa kulea taifa. Katika ya pili tunatundika mabango yenye picha za vijana walioshika vichwa.

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa kata moja ya Wilaya ya Kyerwa. Ajenda ilikuwa ulevi na dawa za kulevya, na kila aliyesimama aliwataja vijana: waendesha bodaboda, waliomaliza shule na kukosa kazi, wavuta bangi wa senta. Mstari wa mbele, kwenye viti vilivyoletwa kwa heshima yao, waliketi wazee wetu wakisikiliza. Wawili kati yao nawafahamu tangu zamani na najua wanachokunywa, na saa wanayoanza kukinywa. Hakuna aliyewageukia. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, na kwa siku kadhaa zilinirudia nyumba nilizoziingia zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kyerwa ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, nilikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu huu wa Kagera mwaka 1983, na miaka ishirini baadaye kulikuwa na vitongoji ambavyo kila kaya ilikuwa imekwisha kuchimba kaburi kibanjani, kwenye migomba yake. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa katika mpango wa serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo mfuko wangu ulibeba glavu, sabuni, panadol, dawa ya zambarau ya vidonda na pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Nilisukuma baiskeli kupanda vilima vya Nkwenda, Mabira na Kaisho, nikasafisha vidonda, nikafundisha familia namna ya kumgeuza mgonjwa.

Fomu niliyopewa ilikuwa na nafasi ya mgonjwa na nafasi ya kuhesabu yatima. Mlezi alikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika jina. Karibu kila mara jina hilo lilikuwa la baba au mama mzee wa mgonjwa, mtu wa miaka sitini, sabini na zaidi, aliyeketi kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Kwa habari za huyo, fomu haikuuliza lolote.

Wa kwanza ninayemkumbuka aliishi juu ya kilima, mbali kidogo na Nkwenda. Alikuwa akimuuguza binti yake. Kaka wawili wa binti huyo walikwisha kuzikwa palepale, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, kama ilivyo desturi yetu. Nilipofika asubuhi nilimkuta mzee amekwisha kunywa. Hakuwa mtu wa kelele. Alinisalimu vizuri, akanisogezea kigoda, akaniletea kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, kama mwenyeji yeyote anayejiheshimu. Lakini mikono yake ilitetemeka, na kahawa yake ya msimu uliofuata ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa butura ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Majirani walinishauri nisipoteze muda naye. Walisema uzee na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni ndugu.

Siku moja binti alikuwa amesinzia, nikamuuliza mzee, "Tata, usiku unalalaje?"

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia kwamba halali. Akizima taa anawasikia wanawe wakikohoa, wote wawili, kila mmoja kwa kikohozi chake, na asipokuwa amekunywa huinuka kwenda kuwapa maji.

Hakuwa amemwambia mtu. Mchungaji alimuuliza kwa nini haji ibadani. Mwenyekiti wa kitongoji alimuuliza kwa nini ameuza kahawa mapema. Nami nilikuwa nimekuja kwa ajili ya binti. Rubisi ndiyo pekee iliyoshughulika na shida yake ya usiku, na iliishughulikia vibaya: ilimlaza haraka, ikamwamsha saa nane za usiku akiwa na kiu na moyo unamwenda mbio, akanywa tena ili apate kusinzia mpaka alfajiri. Ndivyo pombe ifanyavyo kwa usingizi wa mtu yeyote, ila kwa mzee ni vibaya zaidi. Mwili wake una maji machache kuliko wa kijana na ini lake huisafisha pombe polepole, kwa hiyo kibuyu alichokimudu akiwa na miaka arobaini kinamwelemea akiwa na sabini. Ndiyo maana wazee wengi huapa kwamba hawajaongeza kinywaji, na wanasema kweli, huku wana wao wakishangaa mbona siku hizi baba anaanguka.

Tangu siku hiyo nilijizoeza, katika kila nyumba yenye mzee anayekunywa, kujiuliza jambo moja kabla ya lolote: hapa pombe inafanya kazi gani? Majibu yalitofautiana sana, na tofauti hizo ndizo zinazonifanya niandike leo.

Upande wa Kaisho nilimkuta bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu, watoto wa mabinti zake marehemu. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, lakini sare, madaftari na michango havikufutwa. Bibi alipika gongo, pombe kali ya kienyeji. Sheria iliikataza, naye alijua, ndiyo maana mtambo wake ulikaa bondeni kwenye migomba minene na moto uliwashwa usiku. Mpishi wa gongo huionja ajue kama imeiva. Ukipika mara kwa mara, unaonja mara kwa mara, na anayeonja akiwa na njaa kwa sababu chakula amewaachia watoto huishia mahali pabaya.

Hakuna aliyemwita mlevi, kwa kuwa hakuna aliyemwona akinywa. Wanaume wazee wa kwetu hunywa kwenye vikao, mbele za watu. Bibi zetu hunywa ndani, mlango umerudishwa, na mtu huambiwa wamelala. Kilichoonekana nje ni kusahau. Aliwachanganya majina wajukuu, akaacha chungu motoni, akatoka na kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote. Minong'ono ikaanza kisimani kwamba bibi ana mambo yake ya usiku. Wanaoufahamu ukanda wetu wa Ziwa wanajua minong'ono ya uchawi ya namna hiyo juu ya mwanamke mzee inaweza kuishia wapi. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyoogopa kwa mgonjwa yeyote mwenye vidonda.

Tulimpeleka hospitali. Daktari aliyempokea alimchukua damu, akampima presha, akauliza anakula nini, kisha akauliza kwa upole kuhusu gongo, akiwa amewatoa nje watu wote, mimi pamoja nao. Alimwanzishia sindano za vitamini. Baadaye alinieleza kwamba ulevi wa muda mrefu pamoja na njaa humkausha mtu vitamini B1, na ubongo ukiikosa hupoteza kumbukumbu na hata mwendo. Ikigunduliwa mapema, sehemu ya uharibifu hurudi. Bibi alirudiwa na majina ya wajukuu wake. Hakurudiwa na kila kitu, lakini alirudiwa na kiasi cha kutosha kuzima maneno ya kisimani.

Kusahau kwa mzee kuna sababu nyingi. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kusahau uzeeni. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa. Lakini mzee anayesahau anaweza pia kuwa na sonona, au sukari, au upungufu wa lishe, au pombe iliyofichwa, na hizo zina la kufanya. Tukimwacha kwa neno "uzee", tunamnyima nafasi ya kupimwa.

Bibi yule alipotoka hospitali, sare za shule zilikuwa bado zinadaiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumwambia aache gongo bila kumwonyesha pesa nyingine ni kumwongezea mzigo. Wilayani Muleba, pale Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao bibi waleao yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi. Zanzibar tangu 2016 inamlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi. Kiwango kilianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku bara mzee mkulima asiye na ajira ya zamani hana pensheni ya namna hiyo, ana ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, ikiwa kaya yake imeandikwa. Nikisikia watu wakijadili pensheni ya wazee kama suala la bajeti peke yake, huwa namkumbuka bibi akichochea moto bondeni usiku.

Kisa cha tatu ni kigumu zaidi kukisimulia. Mzee mmoja wa upande wa Mabira alikuwa akinywa gongo kila siku kwa miaka mingi. Wanawe waliokuwa wakifanya kazi mjini walikuja likizo, wakaona aibu, na kwa mapenzi kabisa wakaamua kumwokoa. Walimwaga kila kilichokuwamo, wakamfungia chumbani, wakampa uji na maji. Siku ya kwanza alitukana. Siku ya pili alitetemeka mwili mzima na kutoka jasho. Usiku wake akaanza kuona watu ukutani, akizungumza nao kwa majina ya wazazi wake. Familia ikagawanyika: wengine walisema malaria imepanda kichwani, wengine wakasema mizimu. Alfajiri akapata degedege kama mtoto.

Walimbeba kwa machela hadi barabarani. Aliokolewa, kwa kuwa mganga wa zamu alitambua haraka kwamba mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kumuua mwenyewe. Alipewa dawa za kutuliza na maji ya mshipani, akaangaliwa usiku na mchana.

Nimelisimulia jambo hili kanisani, kwenye vikundi vya akina mama, kwa yeyote anayenisikiliza, na nalirudia hapa kwa sababu najua litamkuta mtu. Mzee anayekunywa pombe kali kila siku, ambaye mikono hutetemeka asubuhi mpaka apate funda la kwanza, asikatishwe ghafla nyumbani. Apelekwe kwenye kituo cha afya. Ataacha akiwa chini ya uangalizi, kwa dawa na kwa hatua. Vijana wa Mabira walimpenda baba yao, na upendo wao ulikuwa karibu kumzika.

Halafu kuna Murongo, kule mto Kagera unapotutenganisha na Uganda. Siku ya gulio palikuwa na kila kinywaji: rubisi ya vibuyu, gongo ya chupa za soda, na vifuko vya pombe kali ambavyo mzee aliweza kuvificha mfuko mmoja wa koti na vidonge vyake vya presha, akavinywa pamoja. Vifuko hivyo, viroba, vilipigwa marufuku nchini Machi 2017, nami nilifurahi, hasa kwa ajili ya makoti hayo.

Mzee ninayemfikiria alikuwa mpiga kasia zamani. Watu walimfahamu kwa vitu viwili: hakula samaki, na hakusogelea maji bila kulewa kwanza. Walimcheka kwa yote mawili. Mkewe ndiye aliyekuwa mgonjwa wangu, na ndiye aliyeniambia siku moja, akinong'ona, kwamba mumewe alikuwa hivyo tangu mwaka 1994.

Msomaji aliyekuwa hai mwaka ule na kuishi huku hahitaji kuambiwa. Mto Kagera ulileta miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, wiki baada ya wiki, ikapita kandokando ya wilaya yetu mpaka Ziwa Victoria, kwa maelfu. Dunia inawakumbuka wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo na kambi za Ngara, na ni haki. Sisi tulikuwa na kambi pia Karagwe. Lakini wavuvi na wapiga kasia wa vijiji vya mtoni, watu wazima wenye familia, waliona kile walichokiona na kesho yake wakarudi kazini. Hakuna aliyewakusanya kuwauliza. Wengi wao sasa ni wazee au wamekufa.

Mzee huyo nilimuuliza swali langu lilelile la usingizi. Alinijibu kwa kunionyesha mto kwa kidevu, akasema, "Mwanangu, ule haulali, nami silali." Sikuwa na ujuzi wa kumtibu. Nilichoweza ni kurudi, na kuketi naye bila haraka, na kumwacha aseme kidogokidogo. Baada ya miezi alianza kuja gulioni akiwa hajalewa, ingawa samaki hakumla mpaka alipofariki. Nilijifunza kwake kwamba mzee anaweza kubeba jeraha la miaka kumi huku kijiji kizima kikidhani anapenda pombe tu.

Nimeeleza usingizi, pesa na hofu. Kazi ya nne ya pombe ndiyo ninayoona wahudumu wengi wa afya hawaijui, hasa wanaotoka mikoa mingine. Kwetu pombe ya ndizi ni kiti. Posa haifungwi bila hiyo, mashauri hayasuluhishwi, msiba hauishi, na kibuyu cha kwanza humfikia mzee. Ukimwambia mzee aache kabisa, unamwambia asiketi tena na wenzake, na katika umri ule wenzake ndio wote alio nao. Baadhi ya makanisa humtenga mlevi na meza ya Bwana, na hapo anakuwa amepoteza kikao cha pili. Naheshimu nidhamu ya kanisa, nami ni mwumini, lakini sikubaliani na kumfukuza mzee kutoka mahali pa mwisho anapoitwa kwa jina lake.

Yule baba wa kilimani ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Baada ya kumzika binti yake, wazee kadhaa wa kitongoji kile waliozika watoto walianza kukutana kwa mzee mmoja asiyekunywa. Walileta kahawa za kutafuna, chai, na togwa ya mtama. Walizungumza habari za marehemu kwa majina, jambo ambalo nyumbani halikuwezekana kwa kuogopa kuwaliza wajukuu. Yeye alipewa kazi ya kupanga viti na kuwaita wenzake, akaifanya kwa bidii ya mtu aliyepewa cheo. Hakuacha rubisi moja kwa moja. Aliacha ya asubuhi kwanza. Baadaye ya usiku wa manane. Sikukuu aliendelea kuinywa kidogo, nami sikumsumbua.

Hapa Karagwe tuna bahati ya kuwa na SAWAKA, Saidia Wazee Karagwe, shirika lililosimamia haki za wazee wakati wengi hawakulifikiria jambo hilo, na mabaraza ya wazee yapo hadi vijijini. Vikao hivyo hujadili vitambulisho, matibabu bure na ardhi, na ni sawa. Vinaweza kubeba na huzuni pia. Zimbabwe wameonyesha: tangu 2006, chini ya daktari wa akili Dixon Chibanda, bibi wa mitaani walifundishwa kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulithibitisha kwamba waliosikilizwa na bibi hao walipungukiwa sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa Kaisho na Nkwenda wana uwezo huohuo, na kuhitajika ni sehemu ya dawa yao wenyewe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka mzee asiye na uwezo atibiwe bure, na zahanati kadhaa sasa zina siku ya kliniki ya presha na sukari. Wazee wanakuja wenyewe, wamevaa vizuri, na kadi mkononi. Wanapimwa, wanapewa vidonge, wanarudi nyumbani. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuwauliza, mradi waulizwe faraghani, kwa heshima, na kamwe si mbele ya mkwe. Baada ya mkutano ule wa kata niliandika karatasi moja na kumpelekea mganga mfawidhi wa zahanati yetu. Usimwanze mzee kwa kumuuliza kama anakunywa, niliandika; muulize analalaje, anakula na nani, nani alimzika mwisho, mikono inatetemeka saa ngapi, na koti lake lina dawa gani pamoja na vidonge tulivyompa. Swali la pombe lije mwishoni, likiulizwa kama la chumvi.

Ameanza kuyatumia maswali hayo siku za Alhamisi. Anasema foleni imekuwa ndefu kidogo, na kwamba kwa lile la usingizi ameongeza kiti ndani ya chumba, maana wengi wakianza kulijibu huomba kukaa.